Jesse Leach hakukimbia, na msiniambie "angevumilia"

Nimepotea kidogo, mnajua wenyewe testi zikifuatana na kazi za semina hakuna anayepumua. Leo sikuja na stori za boom wala foleni ya kafeteria. Nimekuja na ugomvi.

Hapa kwenye bloku yetu wapenzi wa metali tupo, wachache lakini tupo. Sasa kila ikipigwa Alive or Just Breathing, albamu ya pili ya Killswitch Engage, lazima atokee mmoja aseme: "Huyo jamaa sauti alikuwa nayo, ila mwoga. Katoa albamu kali halafu kawakimbia wenzake. Angevumilia." Na wengine wanatikisa vichwa kukubali. Mimi sikubali, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuwekane sawa kwa ambao hawaijui. Killswitch Engage ni bendi ya Westfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Wanapiga metalikoo, yaani magitaa ya metali yameoana na ukali wa hadikoo. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2000 kwa lebo ndogo ya Ferret, wachache wakaisikia. Kisha wakachukuliwa na Roadrunner, lebo iliyokuwa na Slipknot, na tarehe 21 Mei 2002 ikatoka hii ya pili. Nyimbo 12. Mbili kati ya hizo, "Temple from the Within" na "Vide Infra", zilikuwemo kwenye ile ya kwanza, wakazirekodi upya.

Ilivyotengenezwa ndiyo sehemu inayonifurahisha. Hawakwenda kutafuta prodyuza mkubwa wa mjini. Prodyuza alikuwa mwenzao, Adam Dutkiewicz, kijana aliyesomea mambo ya utayarishaji wa muziki pale Berklee College of Music, Boston. Huyohuyo ndiye aliyepiga drams, na magitaa pia akayatia mkono. Walirekodi Zing Studios, palepale Westfield nyumbani kwao. Mike D'Antonio, mpiga besi, ndiye aliyechora na kupanga jalada. Joel Stroetzel kwenye gitaa. Kilichosafirishwa nje ni miksi tu, ilifanywa na Andy Sneap, Mwingereza. Yaani kazi ya mikono yao wenyewe, kama vijana wa mtaani wanaojenga banda lao: huyu fundi, huyu rangi, huyu misumari.

Sauti ndiyo ilikuwa ya Jesse Leach. Sikilizeni "My Last Serenade" mtanielewa. Kwenye beti anaunguruma kama simba kabanwa mlangoni, kiitikio kikifika anaimba kwa sauti safi kabisa, ya kukushika moyo. Kichwa kimoja, koo moja, dakika nne. Na mashairi yake hayakuwa ya kuua wala ya shetani kama mnavyodhani nyie mnaofunga madirisha tukipiga. Aliandika ya kutia moyo: inuka, jitafakari, badilika. Wakati ule nu metal ndiyo iliyotawala, na nyingi ilikuwa ya kulia na kulaumu. Huyu akaja na jambo tofauti. Wahakiki wakaisifu, na baada ya hapo bendi chungu nzima zikafuata njia hiyohiyo, beti ya kunguruma na kiitikio cha kuimba, mpaka ikawa kama fomula ya hesabu. Leo, zaidi ya miaka 20 baadaye, ukitaja albamu za metalikoo bila kuitaja hiyo watu watakushangaa.

Sasa twende kwenye kesi.

Mwaka huohuo wa 2002, albamu ikiwa bado mpya kabisa, bendi ikiwa ziarani, Leach akaacha. Koo lilikuwa limemshinda na sonona imemkamata. Alikuwa ameoa siku si nyingi. Akawaandikia wenzake barua pepe kwamba basi. D'Antonio alishasema hadharani kwamba ile barua pepe ilimuuma, na hapo namwelewa. Mtu mmekula naye sahani moja miaka mitatu halafu anakuaga kwa barua pepe? Inauma. Adabu ilikuwa kuwaambia ana kwa ana. Hapo simtetei.

Lakini wadau, namna ya kuaga ni jambo moja na sababu ya kuondoka ni jambo jingine. Nyie mnachanganya. Mnamhukumu kwa barua, halafu adhabu mnaipeleka kwenye koo!

Hebu tufikiri kidogo. Waya wa gitaa ukikatika unanunua mwingine. Ngozi ya drams ikipasuka unabadilisha. Sauti haina spea. Ni mikunjo miwili midogo ndani ya koo, inagongana mara mamia kwa sekunde ukiimba. Ukiikaza bila kujua unachofanya inavimba, inaota vinundu, na ukiendelea kulazimisha unajijeruhi zaidi. Studio unaweza kupumzika, ukanywa maji, ukarudia kesho. Ziarani kesho ni mji mwingine na watu wameshalipa kiingilio. Na Leach mwenyewe ameeleza kwamba siku zile hakuwa amefundishwa jinsi ya kunguruma bila kujiumiza. Alitumia nguvu tu. Mwalimu wa sauti Melissa Cross wa New York alitoa DVD yake ya kufundisha waimbaji wa aina hiyo, The Zen of Screaming, mwaka 2005. Miaka mitatu baadaye! Kijana wa 2002 angevumilia kwa elimu gani?

Mnapenda kunijibu kwa methali: mvumilivu hula mbivu. Sawa, ila meno awe nayo.

Na hoja yenu ya pili, hii ndiyo inayonikera zaidi: eti albamu ni kali kwa sababu jamaa alikuwa anaumia, eti maumivu ndiyo yaliyoleta ule moto. Haya, tupige hesabu ya darasa la nne. Yale maumivu yalitupa nini? Albamu moja pamoja na bendi, halafu miaka kumi bila yeye. Mwaka 2012 akarudi. Tangu hapo tumepata Disarm the Descent (2013), Incarnate (2016), Atonement (2019) na This Consequence (2025). Na katikati ya hizo, mwaka 2018, alifanyiwa upasuaji wa koo, ikabidi akae kimya, afanye mazoezi na kujifunza upya kutumia sauti yake. Safari hii bendi ilimsubiri. Matibabu na subira ya wenzake vimetupa albamu nne. Mateso yalitupa moja. Nani kashinda?

Ng'ombe akivunjika guu hujikokota zizini. Huyu alijikokota, akatibiwa, akarudi kazini. Hapo mwoga yuko wapi?

Kuna atakayesema, "Mbona Howard Jones aliyempokea alikaza?" Kweli, Jones alifanya kazi kubwa. The End of Heartache ya 2004 iliipeleka bendi mbali, na wimbo wake uliobeba jina la albamu ukatajwa kuwania tuzo ya Grammy. Lakini mwisho wa hadithi yake mnauruka. Jones naye aliondoka, mwaka 2012, akiwa anapambana na kisukari na msongo. Dutkiewicz, yule aliyehama kutoka drams akashika gitaa, alifanyiwa upasuaji wa mgongo Uingereza mwaka 2007 wakiwa ziarani. Sasa hawa nao waoga? Bendi moja, miili mitatu imegoma. Mimi nikiona hivyo nauliza kuhusu kazi yenyewe inavyopangwa, nyie mnauliza kuhusu moyo wa mtu.

Na kitu kizuri ni kwamba wenyewe wameshayamaliza. Leach na Dutkiewicz walifanya mradi wao wa Times of Grace, albamu ikatoka 2011. Kwenye Atonement kuna wimbo "The Signal Fire", Leach na Jones wanaimba pamoja. Wale waliopelekewa barua pepe wamesamehe. Nyie mliozaliwa mwaka ilipotoka bado mna kinyongo!

Mtasema ticha umeacha vitabu unatetea wapiga kelele wa Marekani. Ngoja sasa, maana hapa ndipo panapotuhusu sisi wa Elimu.

Sisi tunakwenda kuishi kwa koo. TP iliyopita nilipangiwa shule moja, siitaji jina, mkondo mmoja una wanafunzi 90 na kitu. Hakuna kipaza sauti. Mvua ikipiga bati unafundisha kwa kupayuka. Vipindi vitano mfululizo, vumbi la chaki puani. Wiki ya pili jioni nilikuwa siwezi kuongea na simu nyumbani. Na pale palikuwa na mwalimu mzoefu ambaye sauti yake ilishakwaruza muhula mzima. Wenzake walimwita redio ya betri mbovu, yeye anacheka. Nilipomuuliza kama ameenda hospitali akaniambia, "Mwanangu, ualimu ni wito. Unavumilia."

Neno ni lilelile! Vumilia.

Inajulikana kabisa kwamba walimu ni miongoni mwa wafanyakazi wanaoongoza kwa matatizo ya sauti. Sisi hapa tumesoma saikolojia, tumesoma falsafa ya elimu, mitaala tumeimeza. Kuhusu sauti yenyewe, mimi tangu nianze sijafundishwa hata kipindi kimoja. Namna ya kupumua kwa kutumia kiwambo, kunywa maji kidogo kidogo, kuacha kushindana na kelele ya darasa, kwamba sauti ikikauka wiki mbili tatu bila mafua unamwona daktari: hayo nimejifunza kwa kusoma habari za waimbaji wa metali. Ni aibu, na hiyo aibu si yangu.

Kwa hiyo mkinisikia nagombana kuhusu Jesse Leach msidhani ni ushabiki tu. Nikikaa kimya mkamwita mwoga, kesho kutwa mtamwita mwoga mwalimu aliyeomba ruhusa aende kutibiwa koo. Na yule atakayefundisha mpaka asitoke sauti tena tutampa cheti cha mfanyakazi hodari na khanga moja.

Napendekeza hivi. Kabla ya TP inayokuja, wawakilishi wetu wa kozi waombe semina moja ya sauti, saa mbili tu zinatosha, aje daktari wa koo au hata mwalimu wa kwaya. Na tukifika huko mashuleni, mwenzako akipoteza sauti mshikie kipindi kimoja, usimtungie jina.

Halafu chukueni Alive or Just Breathing, muisikilize yote 12 kwa mpangilio, bila kuruka. Mkimaliza mje tubishane, ila aliye na neno "angevumilia" aje na hesabu yake.

Naomba kuwasilisha.