Presha Ikishuka, Ugonjwa Haujaondoka

Kazi yangu ni kufundisha isimu, na kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba neno si kitu chenyewe, bali ni alama tu ya kitu. Ajabu ni kwamba siku niliyolihitaji somo hilo nililisahau, nusura dada yangu mdogo aangamie pamoja na mwanawe.

Alikuwa katika wiki ya 37 ya ujauzito alipolazwa hospitalini. Uso ulikuwa umefura, mkojo ulikuwa na protini, na kipimo cha shinikizo la damu kilionyesha 160 kwa 110. Alipewa dawa, na kesho yake kipimo kikateremka hadi 138 kwa 88. Hata hivyo, daktari alitaka aanzishiwe uchungu ajifungue. Jamaa waliniteua niwasemee, kwa kuwa mimi ndimi msomi wao, nami nikauliza kwa ujuvi: "Presha si imeshuka? Haraka ya nini?" Tukatia sahihi, tukarudi naye nyumbani. Usiku wa tatu aliumwa na kichwa vibaya, akaona vimulimuli machoni, kisha akashikwa na kifafa. Walinusurika yeye na mtoto, lakini niliyoyaona usiku ule sitayasahau.

Kosa langu lilianzia kwenye neno. Sisi tumezoea kuita kila kitu presha: karo ya shule hutupandisha presha, kadhalika deni la dukani. Basi tunaposikia kwamba mja mzito ana presha, tunadhani akipumzika na kumeza vidonge yamekwisha. Jina la pili, kifafa cha mimba, lina dosari nyingine. Linautaja ugonjwa ukiwa umefika ukingoni, tena huwafanya baadhi yetu wafikirie mashetani na kumkimbilia mganga. Majina yote mawili hayatuonyeshi ugonjwa unakokaa.

Unakokaa ni kwenye kondo la nyuma. Kwa kawaida mimba inapojishika, mishipa ya damu katika mji wa mimba hutanuka ili kondo lipate damu ya kutosha. Katika maradhi haya mishipa hiyo haitanuki ipasavyo. Kondo likikosa damu, huachilia protini zinazoingia katika damu ya mama na kuidhuru mishipa ya mwili mzima. Hapo ndipo shinikizo hupanda, figo zikavujisha protini, na ini na ubongo vikawa hatarini. Presha, kwa hivyo, ni moshi tu. Moto uko kwenye kondo.

Isidhaniwe kwamba ninazidharau dawa. Methildopa, labetaloli na nifedipini zimewaokoa akina mama wengi, kwani shinikizo kali huweza kupasua mishipa ya ubongo. Magnesiamu salfeti nayo hukinga kifafa: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Lakini hakuna hata moja kati ya dawa hizi inayolitengeneza kondo lililoharibika.

Fauka ya hayo, kondo hutegemea msukumo wa damu ya mama. Shinikizo likiporomoshwa ghafla kupita kiasi, mtoto naye hupungukiwa. Kwa hivyo dawa hizi hupimwa na tabibu. Si za kuazimwa kwa jirani. Nyingine, kama vile enalaprili, ambazo jirani huyo huenda anazimeza salama salimini, humdhuru mtoto aliye tumboni. Hata hivyo, hofu ya kumnyima mtoto damu isimfanye mama aache dawa aliyoandikiwa. Utafiti wa mwaka 2015 na mwingine wa 2022 ulionyesha kwamba kulidhibiti shinikizo la wajawazito kwa uangalifu huwafaa mama bila ya kuwadhuru watoto.

Ninaloliomba kwa wauguzi na madaktari wetu si jambo la gharama. Mnapompa mama dawa, msimwambie tu kwamba presha imeshuka. Mwambieni kwa Kiswahili anachokielewa: "Dawa hii inakulinda wewe. Ugonjwa wenyewe uko kwenye kondo, na hauwezi kwisha kabla kondo halijatoka." Waambieni na waume, mama wakwe na mashemeji, maana mara nyingi uamuzi wa kubaki hospitalini au kurudi nyumbani hupitishwa na watu ambao hawana mimba.

Nasi tulio nyumbani tusingoje kifafa. Baada ya wiki ya 20, kipimo cha 140 kwa 90 kinatosha kumrudisha mama kliniki. Kichwa kikali, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, au uso na mikono kufura ghafla, ni mambo ya kukimbizwa hospitalini usiku huohuo.

Wazee wetu waliliita kondo la nyuma kwa kuwa hutoka baada ya mtoto. Hata likishatoka, mama huendelea kuangaliwa, kwani kifafa huweza kumshika siku kadhaa baada ya kujifungua. Dada yangu alipimwa kwa majuma sita. Safari hiyo mimi nilinyamaza, nikamwachia daktari aseme.