Bati la mwenye nyumba likivuja

Mtanisamehe kwa ukimya wa wiki nzima. Seva niliyokuwa nimekodi ilinifia. Niliweka toleo jipya la Linux usiku, nikaiwasha upya, ikaanguka kabla hata ya kuandika neno moja. Kampuni iliyonikodisha ikanijibu kwa mkato: kosa ni la Linux yako. Kaka mmoja anayezijua kazi hizi alicheka tu. Linux yako haina ubaya, akasema, ila nyumba uliyopanga haijakarabatiwa miaka mingi.

Nimekaa nikisoma habari za nyumba hizo, na nina la kusema.

Seva nyingi za kukodi si kompyuta kamili. Ni chumba ndani ya kompyuta kubwa, na anayegawa vyumba ni programu iitwayo haipavaiza. Xen, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cambridge na kutambulishwa kwa waraka wa mwaka 2003, ni mojawapo. Amazon waliitumia walipofungua EC2 mwaka 2006. Keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ni mpangaji humo.

Sasa mwenye nyumba akiwa na kasoro, nani arekebishe? Chukueni mfano wa XSAVE, uwezo wa prosesa wa kuhifadhi hali ya rejista zake. Keneli huuwasha kwa kuweka biti moja katika rejista CR4. Chini ya Xen za zamani, hasa zile za Red Hat Enterprise Linux 5 ya mwaka 2007, jaribio hilo liliweza kumwangusha mgeni wakati wa kuwaka. Baadhi ya wasambazaji wa Linux wakaweka kiraka cha mistari michache katika keneli yao: kama Xen ni ya kabla ya toleo la 4, biti hiyo iondolewe.

Wapo wanaochukia viraka vya namna hii. Wanasema ukimwekea mwenye nyumba ndoo chini ya bati linalovuja, hatapanda juu kamwe. Nawaelewa, maana ndoo hizo zina gharama. Bila XSAVE huwezi kutumia AVX, hata kama prosesa inayo. Tena ndoo hukaa: Xen 4.0 ilitoka mwaka 2010, lakini RHEL 5 ilipata huduma ya kawaida hadi mwaka 2017. Nani angethubutu kukifuta kiraka katikati ya miaka hiyo?

Hata hivyo nasimama na mpangaji. Hana funguo za dari! Mimi ningeiandikia kampuni ile barua mia moja, Xen yao ingebaki ileile. Keneli isiyowaka hainifundishi mimi wala haimwadhibu mwenye nyumba.

Ila viraka havilingani. FreeBSD nao walikuwa na shida yao: amri ya CLFLUSH, ikielekezwa kwenye rejista za APIC, ilikuwa ikiangusha keneli ndani ya baadhi ya mashine pepe. Dawa yao, ambayo wenyewe waliiandika ndani ya msimbo kuwa ni hila ya muda, iliuliza tu kama tumo ndani ya mashine pepe, kisha ikaizima amri. Mwenye nyumba mzima na mbovu wakatiwa kapu moja. Nakipenda zaidi kile kinachouliza toleo, ingawa nacho humwonea aliyeirekebisha Xen yake ya 3 bila kubadili namba.

Kinachoniudhi hasa ni kiraka kinachofanya kazi kimyakimya. Keneli inayozima kitu kwa ajili ya kasoro ya haipavaiza iandike mstari mmoja inapowaka: nimezima hiki, kwa sababu ya haipavaiza hii, toleo hili. Mstari huo ndio ushahidi wa mpangaji. Ukikosekana, kosa litabaki kuitwa la Linux yako.

Siku ya kufuta nayo ifike. Linux 5.9 ya mwaka 2020 iliondoa kabisa msaada wa wageni wa Xen wa aina ya PV wa biti 32, na sikusikia kilio mtaani kwetu.

Mimi nimeshahama. Kabla ya kuhama niliwaandikia tena kuuliza Xen yao ni toleo la ngapi. Hadi leo hawajajibu.