Kutu ya mtungi wa gesi ni ya nani?

Wadau, leo tuongee habari ya kitu ambacho wengi wetu tunalala nacho hatua tatu kutoka kitandani: mtungi wa gesi. Hasa sisi tuliopanga chumba na sebule, ambao jiko ni kona yenye pazia.

Gesi imetuokoa na moshi wa mkaa, hilo sibishani na mtu. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Ni jambo jema. Tangu hapo mikutano mingi imekuwa na picha ile ile: kiongozi anakabidhi mtungi wa kilo 6, mama anapokea, watu wanapiga makofi. Swali langu ni dogo tu. Ule mtungi unaong'aa kwenye picha, ukishazunguka mitaani miaka kumi, nani anaukagua?

Maana mtungi ulionunua hukai nao. Gesi ikiisha unaupeleka kwa wakala, unapewa mwingine wa kampuni ile ile. Uliotoa ulikuwa mpya, unaopewa rangi imebanduka na kitako kimeliwa na kutu mpaka hausimami sawasawa. Ukiuliza, jibu ni moja: "Gesi ni ile ile, kaka." Mwezi uliopita nilibishana na muuzaji mmoja mtaani kwetu juu ya hilo, akaniangalia kama mtu niliyetoka sayari nyingine. Nyuma yangu kulikuwa na watu wanne kwenye foleni. Wote walichukua mitungi yao bila hata kuigeuza. Na hao ni watu ambao wakinunua simu wanaikagua nusu saa!

Sasa kutu ina ubaya gani? Ule mtungi ni chuma chenye unene wa milimita chache tu. Ndani yake gesi imeshindiliwa hadi ikawa kimiminika, kwa presha inayopita ya tairi la gari dogo. Kutu haichafui rangi tu, inakula chuma chenyewe. Tena inapenda pale usipopaona: chini kwenye kitako ambako maji ya kudekia yanatuama, kwenye maungio yaliyochomelewa, na shingoni karibu na valvu. Kwa sisi wa Dar ongeza na upepo wa chumvi kutoka baharini.

Kuna watakaosema mitungi yenyewe hailipuki ovyo, ajali nyingi za nyumbani zinatokana na gesi kuvuja kwenye mpira uliochanika, regyuleta mbovu au valvu isiyofunga vizuri. Ni kweli kabisa, na hapo hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mtungi uliokaguliwa vizuri unapimwa kwa presha ya maji, valvu yake inaangaliwa, unapakwa rangi upya na kugongwa tarehe ya kipimo. Kwa hiyo mtungi uliojaa kutu unakuambia kwamba haujapita huko siku nyingi. Kama hawakuiona kutu iliyo nje, nani kakuhakikishia kwamba waliikagua valvu?

Viwango vya kimataifa vinataka mitungi ya chuma irudiwe kupimwa baada ya muda maalum, kwa kawaida miaka 10, kwa baadhi 15. Haya, nenda jikoni sasa hivi ukajaribu kusoma tarehe ya mtungi wako. Ukiiona, ni vitarakimu vidogo vilivyofunikwa na rangi juu ya rangi. Mkate unaandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi, mtu akila ulioharibika ataumwa tumbo. Chombo cha presha kinachokaa karibu na moto, tarehe yake imefichwa. Haiingii akilini.

Jirani zetu Kenya wana la kutufundisha. Kanuni zao za mwaka 2009 zilizitaka kampuni zitumie valvu ya aina moja na zibadilishane mitungi. Mteja alifurahi, lakini uchungu wa mwenye mali ukapotea. Kwa nini nigharamie kukarabati mtungi ambao kesho utakuwa kwa mshindani wangu? Mwaka 2019 wakaufuta ulazima huo, wajibu ukarudi kwa mwenye chapa. Na bado usiku wa Februari 1, 2024, pale Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka kwenye kituo cha kujazia ambacho mamlaka ya nishati ilisema ilikikatalia kibali cha ujenzi. Watu walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Pale tatizo halikuwa kutu. Lakini inaonyesha kwamba kanuni isiyo na msimamizi ni karatasi tu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kutu ni ya yule ambaye jina lake limepakwa ubavuni mwa mtungi. Jina hilo likileta faida ni lake, basi na kutu iwe yake. Tarehe ya kipimo iandikwe kwa herufi kubwa, bibi asome bila miwani. Wakala akirudisha mtungi mbovu asibebeshwe hasara, maana akibebeshwa atautupia mteja. EWURA, ambao tayari wanamtaka muuzaji awe na mzani, wamtake pia asiuze mtungi uliopitwa na tarehe.

Wakati tunasubiri hayo, msikubali. Geuzeni mtungi, tazameni kitako, na ukiwa mbovu kataeni hata kama foleni inanuna. Ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Ukisikia harufu, usiguse swichi ya taa. Harufu hiyo imewekwa makusudi ili ushtuke. Funga valvu, fungua milango na madirisha, toka nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, na sakafuni ndipo watoto wanapolala na kucheza.

Na waandishi wenzangu, mkiitwa tena kupiga picha za makabidhiano, msiulize mitungi mingapi imegawiwa. Hilo mtaambiwa bila kuuliza. Ulizeni mitungi mingapi chakavu imeondolewa mitaani mwaka jana, halafu kaeni hapo hapo mpaka mjibiwe.