Nkejje Si Chambo

Ukifika mwaloni Ggaba asubuhi, utasikia wavuvi wakibishana juu ya bei ya petroli, juu ya wanajeshi na juu ya nyavu. Chambo hakibishaniwi. Mvuvi wa migonzo hutia katika kila ndoano samaki mdogo aliye hai, mara nyingi nkejje, ambaye wenzetu wa Mwanza humwita furu, kisha humngoja sangara. Mimi nasema kosa linaanzia hapo, na nawapinga wenzangu wanaodai kwamba chambo ni siri ya mvuvi na ndoano yake.

Sikatai kwamba mvuvi anaijua kazi yake. Kila samaki ana chambo chake. Perege hudanganyika kwa nyungunyungu au tonge la posho. Kapu wa bwawani hupekua matope akifuata harufu, kwa hiyo unga uliokandwa humtosha. Lakini sangara ni mwindaji. Anachokitaka ni kitu kinachotapatapa. Basi chambo hai nakikubali. Ninachouliza ni hiki: kwa nini kiwe nkejje?

Nkejje jike hulea mayai na vifaranga vyake kinywani, na mayai yenyewe si mengi. Ukimvua akiwa analea, umevua na watoto wake. Tena huvuliwa kwa nyavu za macho madogo kandokando ya mafunjo, mahali ambapo perege wachanga nao hukulia. Anayetafuta chambo cha leo anaua kitoweo cha kesho. Ziwa hili limekwisha kupoteza aina nyingi mno za nkejje tangu sangara alipoletwa katika miaka ya 1950. Waliosalia tusiwamalize sisi. Wala tusisahau kwamba kwa Waganda nkejje aliyekaushwa kwa moshi ni chakula cha mtoto mdogo, hasa mtoto anayeugua surua. Tunamnyang'anya mtoto, tunamlisha sangara, kisha minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya.

Mbadala upo, nao ni vifaranga vya kambale. Kambale huweza kuvuta hewa juu ya maji, ndiyo maana hustahimili safari ndani ya debe na hukaa hai muda mrefu kwenye ndoano. Jike mmoja hutoa maelfu ya mayai katika kituo cha kutotolesha. Huku Uganda na jirani zetu Kenya, wafugaji wamekuwa wakiwauzia wavuvi vifaranga hivyo kwa kazi hii hii. Kwa hiyo sisemi ndoto.

Nitaambiwa: "Kambale ananunuliwa, nkejje ni wa bure." Bure ya nani? Nkejje hufa upesi, mvuvi akalazimika kuvua wengine, na muda na petroli vinakwenda. Ila nakiri kwamba baria, ambaye hana mtumbwi wala mashine, hawezi kubebeshwa gharama mpya. Gharama hiyo ni ya mwenye mtumbwi na ya kiwanda kinachouza minofu nje, kwa kuwa hao ndio wanaofaidi zaidi.

Mwaka 2017 wanajeshi walianza kufanya doria ziwani, na sangara asiyefika sentimita 50 ni haramu. Tunampima samaki kwa rula, lakini hatuulizi alivuliwa kwa chambo gani. Nataka leseni ya migonzo iambatane na sharti la chambo cha kufugwa. Na nataka sisi tunaosoma Kiswahili tuyaeleze haya mialoni kwa lugha hii, maana ziwa hili ni la nchi tatu, na Kiswahili ndicho kinachoweza kuwafikia wavuvi wa pande zote. Tukisubiri tafsiri ya ripoti za kitaalamu, nkejje hatatusubiri.