Mshauri wa ramani za umeme apimwe baada ya kuondoka

Saa tano usiku, mvua inanyesha, mtaa mzima giza. Mteja anapiga simu ya dharura.

“Upo wapi, mama?”

“Ukipita msikiti, mbele kwa muuza mkaa, kuna mwembe.”

“Nguzo ina namba?”

“Ilikuwa nayo. Rangi imefutika.”

Gari la mafundi linazunguka nusu saa likitafuta mwembe. Katika kompyuta za makao makuu imo ramani iliyogharimu fedha nyingi, na kazi yake ni hiyo hiyo: kumwonyesha fundi nguzo ilipo, transfoma inayoilisha na swichi ya kuzima kabla hajapanda.

Leo tunamzungumzia mtu ambaye wasomaji wengi hawajawahi kumsikia, mshauri mwandamizi wa teknolojia ya ramani katika kampuni za umeme. Hapandi nguzo wala hasomi mita. Lakini akikosea, watakaoumia ni fundi na mteja, tena muda mrefu baada ya yeye kulipwa na kwenda zake.

Ramani ya barabara inatosha ikikuonyesha barabara ilipo. Ya umeme lazima ijue nini kimeungwa na nini: kutoka kituo cha kupozea umeme, laini ya kilovoti 33 au 11, transfoma, laini ndogo ya mtaani, hadi mita ya nyumba. Wateja 20 wakipiga simu, mfumo hufuata waya kurudi nyuma hadi pale wote wanapokutana. Wakiwa wote wa transfoma moja, yumkini fyuzi yake imekatika. Wakiwa wa transfoma tatu, tatizo liko juu zaidi. Muunganisho ukiwa wa uongo, gari linatumwa kwa uhakika kamili mahali pasipo na tatizo.

Hapo ni kuchelewa tu. Kuna kubaya zaidi. Ramani inasema laini inalishwa kutoka upande mmoja, kumbe mwezi uliopita iliunganishwa na upande wa pili. Fundi aliyezima swichi moja anapanda nguzo yenye umeme. Ndiyo maana mafundi hufundishwa kupima na kufunga waya wa ardhi kabla ya kugusa chochote, lakini si haki kumwachia mtu kinga hiyo peke yake.

Tazama pia suala la wizi wa umeme. Nchini Kenya, umeme unaopotea kati ya kununuliwa na kuuzwa umekuwa ukizidi asilimia 20 katika miaka ya karibuni. Sehemu yake hupotelea kwenye waya na transfoma zenyewe, nyingine huibwa. Njia mojawapo ya kuwasaka wezi ni kufunga mita kwenye transfoma, kisha kulinganisha umeme uliopita hapo na jumla ya mita za wateja wake. Hesabu ni nyepesi. Sasa chukua nyumba 15 zilizohamishiwa transfoma ya jirani na hakuna aliyeandika. Kwenye kompyuta bado ni za transfoma ya zamani. Transfoma mpya itaonekana inatoa umeme usiolipiwa na mtu, na wakaguzi watashuka kwa kishindo kwenye mtaa wa watu wanaolipa kila shilingi. Hilo ni kuwavunjia heshima raia kwa sababu ya safu moja ya data.

Kosa jingine halionekani kabisa kwenye skrini. Ramani nyingi za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zilichorwa kwa kipimo kiitwacho Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya setilaiti hutumia WGS 84. Namba zikisomwa kwa kipimo kisicho chake, nguzo huhama takribani mita 300. Kwa kuwa zote zimehama pamoja, mchoro unabaki mzuri, mistari imenyooka. Mradi wa kuunganishia watu umeme wa Last Mile, uliozinduliwa Kenya mwaka 2015, ulilenga watu walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Katika mradi wa aina hiyo, mita 300 ni nusu ya safari. Familia inaweza kuingizwa au kuachwa nje kwa sababu mtu ofisini hakuuliza swali moja: namba hizi ni za kipimo kipi? Mshauri mwenye uzoefu huliuliza siku ya kwanza.

Programu si kikwazo cha ramani sahihi. QGIS, isiyotozwa ada ya leseni, imekuwapo tangu mwaka 2002, na za bei kubwa zipo kwa anayezitaka. Wala watu si haba: vijana wa jiomatiki wanahitimu Chuo Kikuu Ardhi, JKUAT na Chuo Kikuu cha Nairobi. Kikwazo ni kadi ya kazi ya fundi. Ametoka kubadilisha transfoma iliyoungua, saa tisa alfajiri, mikono imejaa mafuta. Amehamisha nyumba kumi ili kupunguza mzigo. Anaandika kwa kalamu mstari mmoja na nusu, kadi anaisukuma juu ya dashibodi ya gari. Jua linaipiga, wino unafifia, na baada ya wiki tatu hakuna anayekumbuka zilikuwa nyumba zipi.

Mshauri anayestahili cheo cha mwandamizi huanzia kwenye kadi hiyo. Hupanda gari na mafundi kabla ya kufungua kompyuta. Huuliza kadi inapokelewa na nani, inaingizwa kwenye mfumo siku ya ngapi, na nani anakagua. Kisha huweka utaratibu mmoja usio na mjadala: kazi haihesabiwi kuwa imefungwa mpaka badiliko lionekane kwenye ramani.

Mikataba mingi, kwa bahati mbaya, hununua kitu kingine. Mshauri anaingia, programu inafungwa, vijana wa muda wanapita nguzo kwa nguzo kwa miezi kadhaa, ramani inazinduliwa kwa hotuba. Mwaka mmoja baadaye vijana wameondoka, mitaa mipya imeota na transfoma zimehamishwa. Kinachobaki ni picha ya siku ile ya uzinduzi, na zabuni nyingine inaandaliwa ili kazi ianze upya.

Tanzania ina nafasi nzuri ya kulivunja duara hilo. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliipa mitaa majina na nyumba namba, na kila mita ya LUKU, ile ya kulipia kabla, ina namba yake. Namba ya mita, anwani ya nyumba na namba ya transfoma vikikaa mstari mmoja, yule mama wa mwembe hataulizwa tena njia. Atataja namba ya mita, basi.

Tunazisihi bodi za kampuni za umeme, hapa Tanzania na kwa majirani, zibadilishe mikataba ya washauri hawa. Sehemu ya malipo izuiwe kwa miezi 12 baada ya mshauri kukabidhi kazi. Muda huo ukiisha, transfoma 50 zichaguliwe kwa kura, watu waende kuzitazama kwa macho na kuhesabu nyumba zilizoungwa hapo. Ramani ikilingana na kilichoko nje, na ikiwa imetunzwa na wafanyakazi wa kampuni wenyewe, mshauri alipwe salio lake lote. Isipolingana, asilipwe. Sharti hilo liandikwe kabla zabuni ijayo haijatangazwa.