BOMU MOJA, FIDIA MBALI MBALI



Katika mkutano wetu mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo hatukuweza kulijibu pale pale. Alisema: "Ndugu Katibu, siku ile ya bomu nilikuwa nasukuma mkokoteni karibu na stesheni. Jicho langu moja lilikwenda. Sasa nasikia Sudan imelipa watu wa bomu. Mbona mimi sikuitwa?" Tulimwahidi jibu katika gazeti hili, na kwa kuwa wenye swali hilo ni wengi, twawajibu wote.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, watu wa Al-Qaeda walilipua ubalozi wa Marekani hapa Nairobi. Watu 213 walikufa na maelfu wakaumia. Katika waliokufa, Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote ni watu wetu: makarani, matarishi, wachuuzi, abiria wa mabasi, na wanafunzi wa ukarani waliokuwa katika jumba la Ufundi, lililoporomoka. Wengi hawakuwa na shughuli yo yote ubalozini. Walikuwa wakitafuta riziki tu.

Aliyeumizwa ana haki ya kumdai aliyemwumiza. Lakini mtega bomu hana mali ya kukamatwa, kwa hivyo hutafutwa aliyemsaidia au aliyezembea. Hapo ndipo sheria inapofunga milango.

Mlango wa kwanza ulikuwa Serikali ya Marekani yenyewe. Wakenya wengi waliishitaki huko Washington, wakisema haikuulinda ubalozi wake inavyopasa. Mwaka 2003 mahakama ya rufani ilikubali kesi hiyo ifutwe. Sheria yao hairuhusu Serikali idaiwe kwa mambo ambayo maofisa wameachiwa wayaamue kwa busara yao, na ulinzi wa ubalozi ulihesabiwa kuwa mojawapo.

Mlango wa pili ulikuwa Sudan, iliyomkaribisha Osama bin Laden tangu 1991 hata 1996. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 yaruhusu kuishitaki nchi iliyotangazwa kuwa inasaidia magaidi. Lakini nani aruhusiwa? Ni raia wa Marekani, askari wake, waajiriwa wa Serikali yake na wa makontrakta wake, na jamaa za hao. Mkenya aliyefagia ubalozi aliingia. Mkenya aliyefagia jumba la jirani alibaki nje, ingawa bomu lilikuwa lile lile.

Hata walioingia hawakupimwa kwa mizani moja. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kutoa dola milioni 335 kwa ajili ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam na mashambulio mengine. Katika mapatano hayo, Mmarekani aliyeuawa aliwekewa dola milioni 10, na mwajiriwa wa ubalozi asiye Mmarekani dola 800,000. Desemba mwaka huo huo Bunge la Marekani likairudishia Sudan kinga yake katika mahakama zao, isipokuwa kwa kesi za mashambulio ya 11 Septemba 2001. Mzee wetu hakuwa ameingia, na mlango ukafungwa.

Hatuwaonei wivu waliolipwa. Walingoja miaka 22, na jasho lao ni halali. Wala hatusahau kwamba Marekani ilileta misaada ya matibabu. Lakini msaada si fidia. Msaada hutolewa kwa hiari ya mtoaji, na fidia hudaiwa kwa haki ya aliyeumia. Tunachokataa ni kuipima damu ya mtu kwa kuuliza pasi yake ni ya nchi gani, au mshahara wake hutoka kwa nani.

Kwa hivyo twasema mambo mawili. Kwanza, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Kenya ya mwaka 2012 imeandika mfuko wa fidia kwa walioumizwa na ugaidi. Twaitaka Serikali yetu ihakikishe kwamba mfuko huo unawafikia na watu wa 1998, na iwasemee kwa Marekani kama nchi inavyowasemea watoto wake. Mfuko wa karatasi haununui dawa.

Pili, wanachama wenyewe tuamke. Hapa kwetu dai la kuumizwa hufikishwa mahakamani katika miaka 3; likiwa juu ya Serikali, miezi 12 tu. Ukiumia kazini, mwajiri asipoarifiwa katika miezi 12, haki yako hupotea. Usikae nyumbani ukisema Mungu ataona. Njoo ofisi ya chama wiki ile ile, na karatasi za hospitali mkononi.

Mzee wetu aliuliza mbona hakuitwa. Hakuitwa kwa sababu walioandika sheria hawakumwona. Kazi ya chama ni kumfanya aonekane.

Umoja ni nguvu.