Mpasuo wako uko wapi?

Juzi jioni, baada ya masomo, nilicheza sataranji na mdogo wangu wa mwaka wa kwanza. Alikuwa na kete nyeupe. Alisukuma askari wa malkia hadi d4, kisha c4, akatoa farasi, tukabadilishana askari pale d5. Hatua zote alizicheza haraka, kama anasoma orodha. Mara akasimama: "Yaya, na sasa?"

Nilianza kumweleza, nikajikuta ninasema Kifaransa kitupu. Nikaona haya. Mimi ninayesomea lugha za Kiafrika!

Tuangalie ubao. Mweupe ana askari d4 na e3. Mweusi ana d5 na c6. Katikati pamefungwa. Njia hufunguka pale askari anapokwenda kugusa ukuta wa askari wa adui kwa kusudi la kuuvunja. Tendo hilo naliita "mpasuo".

Mweupe ana mipasuo miwili. Wa kwanza ni b5. Askari wake wawili, wa a na wa b, wanakabili watatu: a7, b7 na c6. Wachache wanashambulia wengi, na si upuuzi: mweupe akila c6 na mweusi akirudisha kwa askari wa b, yule wa c6 anabaki nyuma, hana askari mwenzake wa kumlinda. Wa pili ni e4, unaotayarishwa kwa f3. Botvinnik aliufuata dhidi ya Keres mjini Moscow mwaka 1952, akashinda. Lakini chagua mapema: ngome inayongoja b1 haisaidii e4.

Maoni yangu ni haya: tunaofundisha wanaoanza tutangulize mpasuo, orodha ya hatua ifuate. Na tuufundishe kwa Kiswahili. Mtu atasema maneno ya Kifaransa yanatosha. Kwa anayeyajua tayari, ndiyo. Lakini mtoto aliyekwisha kupasua kuni anajua kwamba huanzi popote. Unatafuta ufa kwanza. Neno lenyewe linamfundisha nusu ya kazi.

Tunaandika kila mwaka kwamba Kiswahili kinaweza kubeba elimu yoyote, halafu tunakiacha kando ya ubao wa miraba 64. Mwenye neno bora kuliko "mpasuo" alilete, tulijadili. Mdogo wangu ameshaanza kulitumia: jana aliniuliza wangu uko wapi, na sikuwa na jibu.